Je, Dozi Imefika Diskini? Kupima Usomaji na Uandishi wa Hifadhidata za Wodini

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga anapobonyeza kitufe cha "Hifadhi" kwenye kishikwambi au kompyuta, alama ya kijani hutokea kwenye kioo, naye huendelea na mtoto wa kitanda kinachofuata. Kwake yeye jambo limekwisha: dozi imetolewa, imeandikwa, na saa imewekwa. Kwa mashine, safari ya taarifa hiyo huenda ndiyo kwanza imeanza. Taarifa hupita katika vituo vitatu. Kwanza hukaa katika kumbukumbu ya programu yenyewe. Kisha hukabidhiwa mfumo endeshi wa kompyuta, nao huiweka katika kumbukumbu yake ya muda ukisubiri wasaa. Mwisho hufikishwa diskini, mahali pekee kati ya hivyo vitatu ambapo taarifa hubaki hata umeme ukikatika. Alama ya kijani inaweza kuonyeshwa katika kituo chochote, na rangi yake ni ileile.

Katika kamati za ununuzi wa mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, ambako madaktari siku hizi huitwa kuketi pamoja na wahasibu na wataalamu wa TEHAMA, swali lisilokosekana ni moja: mfumo una kasi gani? Muuzaji hutoa jedwali lenye tarakimu kubwa, maandishi maelfu kwa sekunde, na wajumbe huzilinganisha tarakimu hizo kama mtu alinganishaye bei za sukari sokoni. Ni nadra kumsikia mjumbe akiuliza zilipatikanaje. Sisi tulio katika fani ya tiba hatungelipokea jibu la maabara kwa namna hiyo. Tungeuliza sampuli ilichukuliwa lini, mashine ilisawazishwa lini, na kipimo hicho hukosea mara ngapi. Kipimo cha kasi ya hifadhidata kinastahili maswali yaleyale, na daktari au muuguzi anaweza kuyauliza bila kuwa mhandisi.

Hifadhidata isiyo na seva

Wengi wakisikia neno hifadhidata hufikiria seva kubwa iliyo katika chumba chenye kiyoyozi, ikihudumia kompyuta nyingi kwa njia ya mtandao. Zipo za namna hiyo. Lakini ile iliyo karibu zaidi na mgonjwa mara nyingi ni ya aina nyingine, yaani hifadhidata iliyopachikwa ndani ya programu yenyewe. Haina seva wala msimamizi, na haihitaji mtandao. Ni mkusanyiko mdogo wa maagizo unaoishi ndani ya programu na kuhifadhi kila kitu katika faili moja la kawaida, kwenye diski ya kifaa kilekile anachokishika mhudumu.

Inayojulikana zaidi ni SQLite. Ilibuniwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, alipokuwa akishughulikia programu ya manowari ya Jeshi la Majini la Marekani iitwayo USS Oscar Austin. Programu hiyo ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ilipokuwa imelala, programu nayo haikuwa na la kufanya. Hipp akajiuliza kwa nini programu isisome data zake moja kwa moja kutoka diskini bila mtu wa kati. Leo SQLite imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, na ndani ya vivinjari vya intaneti kama Firefox na Chrome. Ni mali ya umma, hakuna anayeilipia. Katika sekta ya afya, programu ya Android ya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliokita mizizi Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huweka taarifa katika hifadhidata ya SQLite iliyomo kifaani kabla ya kuzituma kunakohusika. Mhudumu aliyeko kijiji kisicho na mtandao huitegemea tangu asubuhi hadi jioni bila kulijua jina lake.

Ukaribu huo ndio faida yake, na ndio udhaifu wake pia. Seva kubwa huwa na betri za akiba, diski za ziada, na mtu anayelipwa mshahara ili aitazame. Faili lililomo ndani ya kishikwambi lina chaja yenye waya uliochunika na mfuko wa koti la muuguzi.

Mizunguko miwili ya diski

Ili kuielewa tarakimu ya muuzaji, ni vyema kuanza na diski ya zamani ya kuzunguka, kwa sababu mipaka yake inaweza kuhesabiwa kwa penseli. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. SQLite hufanya kazi kwa miamala. Muamala ni kundi la mabadiliko ambalo ama huingia lote ama haliingii kabisa. Katika mpangilio wake salama, hifadhidata haitangazi kuwa muamala umekamilika mpaka diski ithibitishe kwamba maandishi yametua. Nyaraka za SQLite zenyewe zinaeleza kuwa uthibitisho huo kwa kawaida huhitaji mizunguko miwili mizima ya diski. Gawa 120 kwa 2, nawe utapata kikomo: miamala 60 hivi kwa sekunde.

Nyaraka hizohizo zinasema kuwa kompyuta ya kawaida ya mezani huweza kuingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde. Tarakimu hizi mbili hazipingani. Mistari 50,000 iliyofungwa pamoja katika muamala mmoja huisubiri diski mara moja tu. Mistari 50,000 ambayo kila mmoja ni muamala wake huisubiri diski mara 50,000. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa mfumo wake uliofungwa kwenye diski ya kuzunguka hukamilisha miamala 5,000 kwa sekunde, ama amefunga mistari mingi katika furushi moja, ama mfumo wake hauingoji diski. Kichunguzi cha moyo kikionyesha mapigo 600 kwa dakika kwa mtoto aliyelala kwa utulivu, daktari hushuku waya kabla ya kushuku moyo. Shaka ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa hapa. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka zina kasi kubwa zaidi, na kikomo chake si rahisi kukikokotoa mezani. Lakini swali la kuuliza ni lilelile.

Kufunga mistari mingi pamoja si kosa. Hospitali inapohamisha kumbukumbu za mwaka mzima kutoka mfumo wa zamani, ni busara kuzifunga maelfu kwa maelfu, na umeme ukikatika kazi huanzwa upya kutoka chanzo kilekile. Kando ya kitanda hali ni tofauti. Dozi haina chanzo kingine. Ikishaingia mwilini, ushahidi wake ni ule mstari tu.

Sasa tuhesabu mahitaji ya wodi yenyewe. Tuseme wodi ina watoto 40, na kila mmoja huandikiwa mambo 20 kwa saa: joto, upumuaji, mapigo, oksijeni, maziwa, dawa. Hayo ni maandishi 800 kwa saa, yaani andiko moja kila sekunde 4.5. Diski ile ya zamani yenye kikomo cha miamala 60 kwa sekunde ingekuwa na uwezo mara 270 ya mahitaji hayo, tena kwa mpangilio ulio salama kabisa. Nimewahi kuifanya hesabu hii mbele ya wajumbe wa kamati kwa kalamu na nyuma ya bahasha, na sijasikia bado mtu akiipinga. Kasi ya uandishi ambayo wauzaji hushindania ni kasi ambayo wodi haiihitaji.

Mstari mmoja wa gentamisini

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Mfumo mpya ulikuwa umefungwa kwenye kompyuta ya mezani ya wauguzi, isiyo na betri ya akiba. Jioni, muuguzi alimpa mtoto njiti dozi yake ya gentamisini, akaiandika, akaiona alama ya kijani. Sekunde chache baadaye umeme ulikatika. Jenereta lilipowaka, kompyuta ilianza upya bila lawama yoyote. Programu ilifunguka vizuri, orodha ya wagonjwa ilikuwa kamili, hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea. Mstari mmoja tu ndio haukuwepo, na mahali pake pakaonyesha kwa rangi nyekundu kwamba dozi ya jioni ilikuwa imechelewa.

Gentamisini ni dawa ambayo kwa mtoto mchanga hutolewa kwa kawaida mara moja tu katika saa 24 au zaidi, na umbali kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru figo na masikio ni mfupi. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa amekwisha kuvuta dawa katika bomba la sindano alipomwuliza mwenzake, ambaye kwa bahati alikuwa bado anatafuta mkoba wake, kwa nini dozi imechelewa. "Dada, mbona nimeshampa?" akajibu. Mtoto hakudhurika. Siku iliyofuata wote wawili waliamua, bila kumwomba mtu ruhusa, kwamba kila antibayotiki itaandikwa pia kwenye karatasi, na mkuu wa wodi alifanya vyema kuwaacha.

Mtaalamu wa kompyuta wa hospitali alipofungua mipangilio ya hifadhidata, hakukuta hitilafu. Mfumo ulifanya kama ulivyoagizwa. Hapo ndipo inafaa kueleza mpangilio ambao wauzaji hawautaji katika majedwali yao.

SQLite ina swichi inayoamua ni wakati gani hifadhidata itaisubiri diski. Ikiwekwa kwenye OFF, hifadhidata humkabidhi mfumo endeshi taarifa na kuendelea na shughuli zake; programu ikianguka peke yake taarifa zitabaki, lakini umeme ukikatika faili zima laweza kuharibika. Ikiwekwa kwenye FULL, ambayo ndiyo hali ya asili ya SQLite, husubiri uthibitisho katika kila muamala. Kati yake ipo NORMAL, na maana yake hutegemea namna ya uandishi iliyochaguliwa. Njia ya zamani ni kunakili kwanza kurasa za awali katika daftari la kurejeshea, kisha kubadili faili lenyewe. Njia mpya, iitwayo WAL, iliyoingizwa mwaka 2010, huandika mabadiliko katika faili la pembeni na kuyahamishia kwenye faili kuu baadaye. WAL ikiunganishwa na NORMAL, faili haliharibiki umeme ukikatika, ila miamala ya mwisho iliyokwisha kutangazwa kuwa imekamilika inaweza kurudi nyuma kana kwamba haikutokea. Waandishi wa SQLite hawakulificha jambo hili. Limeandikwa waziwazi katika maelezo yao. Kwa simu inayohifadhi historia ya muziki uliosikilizwa, huo ni mpango mzuri sana. Ndio uliokuwa umewekwa wodini.

Mfumo endeshi wa Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kukaa na kurasa zilizobadilika kwa nusu dakika hivi kabla ya kuzisukuma diskini. Nusu dakika ni muda mfupi kwa mhandisi. Kwa muuguzi ni muda wa kuandika dozi, kufunga kishubaka cha dawa na kuhamia kitanda kingine.

Namna ya kupima

Kipimo cha usomaji ndicho rahisi zaidi kukikosea, tena kwa nia njema. Mtu husoma faili la mgonjwa, akaandika muda. Akalisoma tena, akakuta muda umepungua mno. Akachukua wastani wa mara kumi na kuuita kasi ya diski. Kumbe kuanzia mara ya pili diski haikuguswa. Kurasa zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa katika kumbukumbu ya muda, na alichokipima ni kasi ya kumbukumbu hiyo. Wanaofanya majaribio ya dawa wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: mgonjwa akihamishwa kutoka dawa ya kwanza kwenda ya pili bila kupewa siku za mwili kujisafisha, matokeo ya pili yana mabaki ya kwanza ndani yake. Kwa kompyuta, kujisafisha ni kuifuta kumbukumbu hiyo ya muda au kuizima mashine na kuiwasha upya kabla ya kila duru. Inafaa kupima hali zote mbili na kuziripoti kando kando, kwa maana zote hutokea wodini. Asubuhi kifaa kikiwashwa, daktari hukutana na usomaji wa kwanza, wa polepole; saa nne, wakati wa mzunguko wa madaktari, hukutana na ule wa haraka.

Ukubwa wa hifadhidata ya majaribio nao hudanganya. SQLite kwa asili hujitengea akiba ya kumbukumbu ya megabaiti 2 hivi. Muuzaji akionyesha mfumo wake kwa wagonjwa 50 wa kubuni, hifadhidata nzima huenda inaenea katika akiba hiyo, na chochote kitakachoulizwa kitajibiwa papo hapo. Pima kwa data za kubuni zenye ukubwa wa miaka miwili au mitatu ya kazi halisi. Hapo ndipo utagundua kama wabunifu walikumbuka kuweka faharasa. Pasipo faharasa, kumtafuta mtoto kwa namba yake ya usajili ni kupekua jedwali zima ukurasa kwa ukurasa, na muda huongezeka kila mwezi kadiri jedwali linavyonenepa. Kwa maoni yangu, malalamiko mengi ya wodini kwamba "mfumo ni mzito" yana asili yake hapa, katika usomaji. Na inasikitisha kuona yanatibiwa kwa kulegeza usalama wa uandishi, ambao haukuwa mgonjwa.

Upande wa uandishi, kanuni ya kwanza ni kupima andiko mojamoja, kila moja likiwa muamala wake, na kuandika muda wa kila moja. Wastani peke yake hautoshi. Katika hali ya WAL, uandishi mwingi hupita upesi kwa sababu huongezwa tu mwishoni mwa faili la pembeni. Lakini faili hilo likifikisha kurasa 1,000, ambazo kwa ukurasa wa baiti 4,096 unaotumika kwa asili tangu mwaka 2016 ni kama megabaiti 4, yaliyomo huhamishiwa kwenye faili kuu, na andiko lililotokea kuwa la mwisho hulipa gharama ya uhamisho mzima. Ukichukua wastani, andiko hilo humezwa na mamia ya mengine. Muuguzi aliyelikuta halimezwi. Huona kioo kimeganda, hubonyeza tena, na pengine huandika dozi mara mbili. Kwa hiyo dai kupewa, katika kila maandishi 1,000, muda wa yale 10 yaliyochelewa zaidi. Hatuipimi homa ya mgonjwa kwa wastani wa siku nzima, tunatazama kilele.

Kumbuka pia kwamba joto la mtoto ni tarakimu tatu tu, lakini hifadhidata huandika kwa kurasa. Badiliko la baiti chache huandikisha ukurasa mzima wa baiti 4,096. Katika njia ya daftari la kurejeshea huandikwa pia nakala ya ukurasa wa awali. Ndiyo maana kupima kwa kunakili filamu kubwa kwenye diski, kama wafanyavyo mafundi wengine ili kuonyesha megabaiti kwa sekunde, hakutuambii lolote la maana. Filamu humiminwa mfululizo. Kumbukumbu za wodi hudondoka tone kwa tone, kila tone mahali pake.

Ni haki kutaja mfano wa kipimo kilichoripotiwa kwa uaminifu. Waandishi wa SQLite walipima usomaji wa picha ndogondogo zenye ukubwa wa kilobaiti 10 hivi, wakakuta kuzisoma kutoka hifadhidata kuna kasi zaidi kwa asilimia 35 hivi kuliko kuzisoma kutoka mafaili yaliyotengana, na nafasi inayotumika diskini hupungua kwa asilimia 20 hivi. Walieleza sababu: faili la hifadhidata hufunguliwa mara moja tu, ilhali mafaili mengi hufunguliwa na kufungwa kila moja. Walitaja ukubwa wa picha, wakatahadharisha kuwa matokeo hubadilika kulingana na mashine na mfumo endeshi. Kwingineko katika nyaraka zao wameonyesha kwamba picha zinazozidi kilobaiti 100 ni afadhali zikae nje kama mafaili. Hospitali inayotaka kuhifadhi picha za vidonda zilizopigwa kwa simu, ambazo ni za megabaiti kadhaa, ina jibu lake hapo.

Kipimo kinachosahaulika ndicho kilichokuwa muhimu kuliko vyote katika wodi ile: kukata umeme. Utaratibu wake ni rahisi. Programu ndogo huandika namba mfululizo, 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja kama muamala wake. Kila hifadhidata inapotangaza kuwa namba imehifadhiwa, programu huituma namba hiyo kwa mtandao kwenye kompyuta nyingine. Katikati ya kazi, waya wa umeme hung'olewa ukutani. Mashine ikiwaka tena, linganisha namba ya mwisho iliyotangazwa na namba ya mwisho iliyomo. Kama kompyuta ya pili ilipokea 4,812 na hifadhidata inaishia 4,790, basi maandishi 22 yalitangazwa kuwa salama yakiwa hayako salama. Rudia mara nyingi, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Jaribio hili lifanywe kwenye mashine isiyo na taarifa za mgonjwa hata mmoja, na mwenye mashine awe ameridhia. Kwa kishikwambi chenye betri isiyotoka, kukizima kwa lazima kwa kushikilia kitufe husaidia kwa sehemu tu: huonyesha kinachotokea mfumo endeshi ukianguka, lakini diski ya ndani inaweza kuwa bado inapata umeme.

Diski isemayo uongo

Hata FULL ina kikomo, kwa kuwa hifadhidata inaweza tu kuiuliza diski, na diski yenyewe inaweza kujibu ndiyo kabla ya wakati. Diski nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu yao ya muda ndani, na baadhi hutangaza kuwa zimeandika zikiwa bado zimeshikilia taarifa huko. Katika kompyuta za Apple, amri ya kawaida ya kusukuma taarifa diskini, fsync, haiilazimishi diski kumwaga kumbukumbu hiyo ya ndani. Ipo amri nyingine kwa kazi hiyo, na SQLite huitumia ikiwashwa swichi maalumu ambayo kwa asili imezimwa. Jaribio la kung'oa waya hufichua yote hayo bila kuhitaji kujua jina la amri yoyote.

Kwa vishikwambi, tatizo huanzia kwenye kadi ya kumbukumbu. Tarakimu 10 iliyochapishwa ndani ya duara kwenye kadi humaanisha kuwa kadi inaweza kuandika mfululizo megabaiti 10 kwa sekunde, yaani ni sifa ya kunasa video. Haisemi neno juu ya matone yetu madogo yaliyotawanyika. Mwaka 2012 watafiti Hyojun Kim, Nitin Agrawal na Cristian Ungureanu walichapisha uchunguzi wa simu za Android, ambamo kwa kubadili tu kadi ya kumbukumbu, utendaji wa programu za kawaida ulitofautiana kwa asilimia 100 hadi 300, na katika hali moja iliyokithiri tofauti ilivuka asilimia 2,000. Daraja lililochapishwa kwenye kadi halikutabiri matokeo, na sehemu kubwa ya mzigo ilitokana na maandishi madogo ya SQLite. Alama inayofaa kutafutwa dukani ni A1 au A2. Kadi ya A1 inapaswa kuweza angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde. Ya A2, usomaji 4,000 na uandishi 2,000. Tofauti ya bei kati yake na kadi ya kawaida ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kishikwambi. Kadi bandia, hata hivyo, nazo huchapishwa alama hizohizo, na kwa hiyo afisa ununuzi apime kadi chache kutoka kila boksi kabla ya kuligawa.

Diski za aina hii pia huzeeka kwa namna ambayo kipimo cha siku ya kwanza hakiioni. Haziwezi kuandika juu ya kilichopo. Hufuta kwanza kipande kikubwa, ndipo ziandike kidogo ndani yake. Kifaa kikiwa kitupu, vipande vilivyo tayari ni vingi. Kikishajaa picha, video za mafunzo na nakala za zamani, kila andiko dogo huweza kusababisha kuhamisha na kufuta vingine, na yale maandishi 10 yaliyochelewa katika kila 1,000 huzidi kuchelewa. Katika wodi yetu ya sasa tunarudia vipimo vya uandishi kila baada ya miezi sita, kwenye kifaa kimoja kilichochaguliwa kwa kura, kikiwa kimejaa kama kilivyo, baada ya kuhamisha taarifa zake na kuthibitisha kuwa zimefika. Kazi yote humalizika kabla ya chakula cha mchana.